Mti Kabla ya Ubao: Msitu wa Kilimanjaro na Deni la Ushairi

Methali tatu za Kiswahili zatosha kuwa mlango wa mada hii. Ya kwanza husema kuwa penye miti hapana wajenzi. Ya pili husema kuwa mti hauendi ila kwa nyenzo. Ya tatu husema kuwa mti mkuu ukigwa, wana wa ndege huyumba. Zote ni za kale, zote zina utamu wake, na zote zina jambo moja la kustaajabisha. Katika ya kwanza mti unangoja kukatwa. Katika ya pili umekwisha kukatwa na sasa unaburutwa. Katika ya tatu uko chini. Methali ya kwanza humsikitikia mjenzi asiyekuwapo, wala mti haiusikitikii. Ya pili hukiita mti kitu ambacho kwa hakika ni gogo. Ni ya tatu pekee inayowakumbuka ndege, na hata hiyo huwakumbuka baada ya kishindo.

Jambo hili lina sababu zake. Ushairi wa Kiswahili ulilelewa na watu wa mwambao na visiwa, na kwao mti mara nyingi ulifika ukiwa tayari umepewa kazi. Boriti za mikoko zilitoka Rufiji na Lamu zikaezeka majumba ya Mji Mkongwe na kuvuka bahari hadi Arabuni, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Malenga wa pwani anaujua mti kwa majina ya viungo vyake vilivyochongwa: mkuku, mataruma, foromali na mlingoti akiwa chomboni, kizingiti, mfaa na mwimo akiwa mlangoni. Msamiati huu ni utajiri mkubwa, na hakuna mpenzi wa ushairi atakayetaka kuupunguza. Lakini ni msamiati wa mti uliokwisha kuwa ubao. Mti wenyewe, ukiwa umesimama na wenzake katika giza la asubuhi, huitwa kwa jina la jumla, mwitu, na mwitu katika lugha ya beti ni mahali pa kupotea, pa majini na wanyama wakali, pasipo adhana wala jirani.

Kwa hiyo swali linalostahili kuulizwa na wapenzi wa ushairi ni hili: lugha iliyozoea kuusifu mti baada ya shoka, itautetea vipi msitu ambao utetezi wake una maana tu kabla ya shoka? Na mfano mzuri wa kulipima swali hili uko mbali na bahari, juu ya mji wa Moshi, katika mkanda wa miti uuzungukao mlima Kilimanjaro.

Kilele kilichoimbwa

Watu wa pwani waliujua mlima huu kabla ya Ulaya kuusadiki. Mwaka 1848, mmisionari Johannes Rebmann alipopanda kutoka Rabai karibu na Mombasa, aliongozwa na Bwana Kheri, mkuu wa msafara aliyezijua njia za bara. Hadithi zilizovuma mwambaoni zilinena juu ya fedha iliyolala kileleni ikilindwa na majini. Kiongozi alipoulizwa weupe ule ni nini, alijibu kwa neno moja tu: baridi. Ni jibu zuri kuliko hadithi za fedha, kwa kuwa lilitaja kile ambacho mwili wa msafiri unakihisi. Lakini jibu na hadithi vyote viwili vilitazama upande mmoja. Vilitazama juu.

Tangu hapo jicho halikushuka. Ernest Hemingway alipoandika hadithi yake fupi juu ya theluji za Kilimanjaro mwaka 1936, alimlaza mhusika wake uwandani akifa kwa donda ndugu la mguu, na mlima ukawa weupe wa mbali anaoujia katika ndoto ya mwisho. Mwaka 1959 Mwalimu Julius Nyerere alizungumzia katika Baraza la Kutunga Sheria azma ya kuuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro ili umulike hata nje ya mipaka, na usiku wa uhuru, Desemba 1961, Alexander Nyirenda aliufikisha mwenge huo kileleni. Nembo ya Taifa nayo imewasimamisha mwanamume na mwanamke juu ya Kilimanjaro. Miguuni mwao pana mkarafuu na mpamba. Zao la visiwani na zao la bara yamepatiwa nafasi, na ni haki. Msitu haumo.

Hizi si lawama kwa Mwalimu wala kwa mchoraji wa nembo. Mwenge ulihitaji kilele, na taifa changa lilihitaji ishara ionekanayo kwa mbali. Hoja ni kuwa ishara zina tabia ya kuwafundisha watu mahali pa kutazama, na kwa hiyo mahali pa kutotazama. Kiuno cha mlima hakikuimbwa. Hata mgeni aendaye kuupanda kwa njia ya Marangu au Machame huupita msitu siku ya kwanza kama msomaji apitaye dibaji, akili yake ikiwa imekwisha kufika sura ya mwisho.

Kiuno kisichoimbwa

Kiuno hicho ni nini? Mtu aliyetoka Moshi mjini, ambako mvua si nyingi, hupita kwanza vihambani, ambamo migomba na mikahawa huishi chini ya miti mirefu iliyoachwa makusudi. Juu ya vihamba huanza msitu. Upande wa kusini, kwenye mwinuko wa mita 2,000 na zaidi kidogo, ndipo mvua inapofikia kilele chake, kuliko uwandani na kuliko penye theluji. Hapo husimama mseri, ambao Wasambaa na wafanyabiashara wa mbao huuita mkulo, mti wenye ubao unaonukia na usioliwa na mchwa kirahisi. Juu yake huja podo, na upande mkavu wa kaskazini mtarakwa. Ndani yake huishi mbega na, kwa nadra sana, minde, paa wa milimani asiyepatikana nje ya Tanzania. Matawi yamevikwa mimea midogo iningʼiniayo ambayo huyakamata matone ya ukungu na kuyadondosha chini hata siku isiyo na mvua. Kutoka humo hutoka mito, na kutoka mitoni wahenga wa Kichagga walichimba mifongo, mifereji iliyoyaongoza maji kwa kilomita nyingi hadi kila kihamba.

Sheria zilizotungwa juu ya mlima huu zinaweza kusomwa kama matini ya fasihi, kwa sababu nazo zimeandikwa na jicho lile lile lililotazama juu. Msitu ulitangazwa kuwa hifadhi ya misitu chini ya Waingereza mwaka 1921, baada ya Wajerumani kuanza kuuwekea mipaka. Hifadhi ya aina hiyo haikuwa na maana ya kutokata. Ilikuwa na maana ya kukata kwa kibali. Hifadhi ya Taifa ilipoundwa mwaka 1973, mpaka wake uliwekwa kwenye mwinuko wa mita 2,700. Nyasi, mawe na barafu vikapata ulinzi mkali kuliko wote. Sehemu kubwa ya msitu wenyewe ikabaki chini ya mstari. Urithi wa Dunia ulipotangazwa mwaka 1987, uliufuata mstari huo huo. Ni mwaka 2005 tu ndipo mkanda wa msitu ulipoingizwa katika Hifadhi ya Taifa.

Kati ya mstari ule na mwaka ule, yalitokea mengi. Katazo la kuvuna miti ya asili ya mlimani lilikuwapo tangu miaka ya 1980. Pamoja na hayo, mwaka 2001 ndege ndogo iliuzunguka mlima kwa ajili ya uchunguzi uliochapishwa mwaka uliofuata, na picha zake zikaonyesha kile ambacho barabarani hakionekani: maelfu ya miti ya asili iliyoangushwa, mseri ukiwa umeandamwa kuliko yote, tanuri za mkaa, mashamba ndani ya mipaka, na vipande vya msitu wa asili vilivyogeuzwa mashamba ya misonobari na misaipresi. Msitu uliotazamwa kutoka chini kama ukuta wa kijani ulikuwa, ukitazamwa kutoka juu, nguo iliyotoboka.

Mwaka huo huo wa 2002 wanasayansi walitabiri kuwa barafu ya Kilimanjaro itakwisha kati ya mwaka 2015 na 2020. Dunia ikalia. Barafu haikwisha katika miaka hiyo, ingawa imesinyaa mno na inaendelea kusinyaa. Lakini yapo maandishi mengine ambayo hayakupata machozi mengi. Mwaka 2005 mtaalamu wa mimea Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huu kwa miaka mingi, alionyesha kuwa moto uliokula misitu ya juu tangu mwaka 1976 umeupokonya mlima maji ya ukungu kwa kiasi kinachoipita hasara ya kuyeyuka kwa barafu. Kwa lugha ya kawaida, ailiaye theluji kwa ajili ya maji analilia kaburi lisilo la maiti wake.

Kata mti, panda mti

Hapa ndipo ushairi unapoitwa shaurini, kwa maana hauwezi kusema kuwa haukuhusika. Ulihusika kwa njia ndogo iliyosambaa kuliko diwani yoyote. Kaulimbiu iliyozoeleka nchini, ambayo imeandikwa kwenye kuta za shule na kutamkwa kila ifikapo tarehe 1 Aprili, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, ni hii: kata mti, panda mti.

Ihesabiwe. Ka-ta-m-ti: mizani nne. Pa-nda-m-ti: mizani nne. Jumla ni nane, yaani kipande kamili cha shairi la kimapokeo, chenye kituo katikati na kina kile kile pande zote mbili. Sikio la Mswahili aliyekulia katika mashairi huipokea kaulimbiu hii kabla akili haijaipima. Na ulinganifu wake ndio udanganyifu wake. Nne kwa nne, mti kwa mti: kwenye mizani ya shairi deni limelipwa. Kwenye mizani ya msitu halijalipwa, kwa kuwa neno mti la kwanza ni mseri ulioanza kukua kabla ya babu ya babu wa mkataji, na neno mti la pili ni mche uliomo ndani ya kifuko cha plastiki. Kina kimeyafanya mambo mawili yasiyolingana yaonekane ndugu.

Zaidi ya hayo, kaulimbiu hiyo huanza na amri ya kukata. Haisemi ukikata, inasema kata. Na kitenzi cha pili kina maana mbili katika Kiswahili, kuotesha na kukwea, na mlima Kilimanjaro umejulikana kwa ile ya pili. Mseri nao hauoteshwi kwa urahisi. Kinachopandwa badala yake kwa wingi ni msonobari, msaipresi au mkaratusi, miti ya kufaa kwa mbao na nguzo, ambayo nchi inaihitaji na ambayo Chuo cha Viwanda vya Misitu kilichoko Moshi kimewafundisha vijana kuipasua kwa ustadi. Hakuna ubaya katika shamba la misonobari lijiitalo shamba. Ubaya ni kuliita msitu, kisha kuufuta kwa jina hilo msitu uliotangulia. Mbega hawaishi katika misonobari, na ukungu hauna pa kungʼangʼania.

Kosa hili lina ukoo wake katika historia ya utungo. Ngonjera, kama alivyoieneza Mathias Mnyampala katika vitabu vya Ngonjera za UKUTA vya mwaka 1970 na 1971, ni majibizano ambamo asiyejua hubishana na ajuaye, na mwishowe asiyejua husalimu amri. Ilikuwa chombo chema cha kueneza siasa ya wakati wake. Ngonjera za mazingira zisomwazo na wanafunzi mbele ya wageni rasmi zimeirithi fani hiyo bila kuibadili. Huwa na Mkataji na huwa na Mhifadhi. Mkataji ni mwanakijiji, mara nyingi mwenye shoka na matambara, mara nyingine mama mwenye mzigo wa kuni. Mhifadhi anazo hoja zote. Beti za mwisho ni za toba.

Kasoro ya ngonjera hizo haiko katika vina. Iko katika orodha ya wahusika. Mnunuzi wa mbao hayumo. Mwenye lori apitaye kizuizini usiku hayumo. Mtia saini wa kibali hayumo, wala mwenye nyumba ya fahari aliyeagiza milango inayonukia mkulo. Kumwangusha mseri mkubwa, kumpasua na kumtoa porini ni kazi ya msumeno, mtaji na usafiri. Mti hauendi ila kwa nyenzo, na nyenzo zina wenyewe. Utungo unaomwacha mwenye nyenzo nje ya jukwaa na kumtubisha mwenye shoka umekwisha kuchagua upande, hata ukiwa na mizani kamili.

Riwaya imewahi kufanya vizuri zaidi. Chachage Seithy L. Chachage, katika Makuadi wa Soko Huria ya mwaka 2002, aliwaweka jukwaani wawekezaji, maofisa na madalali pamoja na wanavijiji wa delta ya Rufiji, pale mikoko ilipotakiwa iwapishe kamba wa kufugwa. Msomaji wa riwaya hiyo hutoka akijua nani alitaka nini na kwa bei gani. Ushairi hauwezi kubeba wahusika wote hao, lakini unaweza kukataa kumbebesha mmoja mzigo wa wote.

Dada aozwaye na nyumba zilizobaki tupu

Je, upo mfano wa utungo uliojua uzito wa kuuangusha mti? Upo, na ulikuwa mlimani wenyewe kabla ya wino. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuishi kwa miaka mingi Moshi ya Kale, aliandika mila ya Wachagga ya kuukata mti wa kuchongea mizinga ya nyuki. Mwenye mti aliuita dada yake. Aliuletea maziwa, pombe na asali kama apelekewavyo bibi harusi, akauambia kuwa anaozwa, akaomba asilaumiwe. Siku ya kukata yeye mwenyewe hakuwapo. Alikuja baadaye, mti ukiwa chini, akaomboleza kama ndugu aliyechelewa kumwokoa dada yake, na wakataji wakamtuliza.

Mwenye haraka ataita mila hiyo unafiki, na kweli kuna mchezo wa kuigiza ndani yake: aliyechelewa alichelewa kwa kukusudia. Lakini iangaliwe kile ambacho mchezo huo ulikilazimisha. Uliulazimisha mti mmoja uwe na ndugu, uwe na mahari, uwe na siku yake. Mti ulikatwa, lakini haukukatwa bila mtu kusimama hadharani akakubali kuwa anadaiwa. Kwa taratibu za namna hiyo haikuwezekana kuangusha miti elfu, kwa kuwa hakuna awezaye kuwaoza dada elfu. Hapo ndipo utungo wa kale unapoishinda kaulimbiu ya kisasa: kaulimbiu hulifuta deni, na mila hulitangaza.

Mwambao nao una mfano wake, na ni mkubwa. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir iliyatazama majumba ya Pate yaliyobaki tupu, yaliyokuwa na taa, karamu na vishindo vya watu, yakageuka makao ya popo na ndege. Ustadi wa mtunzi yule ulikuwa kumfanya msomaji akione kidaka kitupu na ndani yake aone kila kilichowahi kuwekwa humo. Hakuhubiri kwa jumla kuwa dunia hupita; alimwingiza mtu ukumbini, chumba kwa chumba. Mtunzi anayetaka kuandika juu ya kisiki cha mseri ana mwalimu huyo tayari. Kisiki ni ukumbi mtupu. Aliyekaa humo alikuwa nani, nani alimtegemea, maji yaliyopitia mizizini mwake yalielekea wapi: hayo ndiyo maswali ya Inkishafi, na hayahitaji kukopwa kutoka kwingine.

Wangari Maathai, aliyeanzisha Harakati za Ukanda wa Kijani nchini Kenya mwaka 1977 na kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alikuwa na kipawa hicho ingawa hakuwa mshairi. Katika kumbukumbu za maisha yake, mbele ya takwimu zote, umesimama mkuyu mmoja wa utotoni na kijito kilichobubujika karibu yake, ambamo mtoto alijaribu kuyaokota mayai ya vyura kama shanga. Mkuyu ulikatwa, kijito kikakauka. Watu waliomsikiliza waliweza kusahau idadi ya miche; kijito hawakukisahau.

Hata hivyo, Inkishafi ina hatari yake kwa mada hii. Ni utungo wa jambo lililokwisha. Pate ilikuwa imekwisha kuanguka, na kilichobaki kilikuwa ibra. Msitu wa Kilimanjaro haujaisha. Mshairi anayekimbilia maombolezo kabla ya mazishi humsaidia mkataji, kwa maana huwazoesha wasomaji kuuona msitu kama marehemu. Mwaka 2016 Andreas Hemp na wenzake walitangaza kuwa katika korongo moja la mlima huu, juu ya kijiji cha Tema, wameupima mkukusu wenye urefu wa mita 81.5, mti wa asili mrefu kuliko yote iliyojulikana barani Afrika. Umri wake ulikadiriwa kuwa karne tano na zaidi. Ulikuwa umesimama pale wakati Wareno walipoingia Kilwa, na haukuwa na beti hata moja. Tena uliokolewa na nini? Wachunguzi walitaja ugumu wa kulifikia korongo. Uliokolewa na genge, si na sheria wala na shairi.

Umma ni nani

Neno umma halina budi kuangaliwa kwa makini na yeyote atakayeandika juu ya msitu huu. Misitu hii huitwa mali ya umma, na msemo huo una mbegu ya kheri na ya shari. Cha umma ni cha wote. Na kwa desturi mbaya, cha wote huwa si cha yeyote, na atakayewahi ndiye mwenyewe. Lakini upo upotoshaji wa pili: umma hutajwa juu ya karatasi, na jirani wa msitu hutajwa kama mvamizi.

Mwaka 1941 mkanda wa nusu maili ulitengwa kandokando ya msitu, ili Wachagga, ambao ardhi yao ilikuwa imebanana, wapate kuni, majani ya ngʼombe na miti ya kujengea bila kuugusa msitu wa ndani, na usimamizi ukawekwa mikononi mwao. Baada ya uhuru ukapita mikono mingine, na mwaka 2005 ukaingizwa ndani ya mpaka wa Hifadhi ya Taifa. Kwa mseri huenda hiyo ilikuwa nafuu. Kwa mama aliyezoea kukata majani ya ngʼombe hapo, ilikuwa na maana kuwa njia ya bibi yake imekuwa kosa la jinai. Mgogoro wa nusu maili umedumu midomoni mwa watu tangu hapo, na utungo wa kweli juu ya msitu huu hauwezi kuupita kando. Ushairi unaosema "usiguse" kwa wote sawasawa, mwenye msumeno wa mnyororo na mwenye mundu, una haki ya mizani lakini hauna haki ya watu.

Wachagga wanao mmea uitwao isale. Hupandwa mipakani mwa vihamba, na ni huo huo upelekwao na mkosaji anapokwenda kuomba msamaha, naye aliyepelekewa huona vigumu kuukataa. Mmea mmoja ni mpaka na ni ombi la radhi. Mipaka iliyochorwa mlimani tangu 1921 imekuwa na mawe ya alama, vizuizi na askari. Ya namna ya isale, inayomkataza mtu na papo hapo ikamwomba radhi kwa alichokikosa, haijawahi kuchorwa. Mshairi hawezi kuichora ardhini. Anaweza kuichora katika lugha, na huenda sheria ikaifuata, kama ilivyowahi kufuata jicho lililotazama kilele.

Msomaji wa visiwani anaweza kusema kuwa haya ni mambo ya Moshi. Ayafuate maji. Mito inayotoka msituni hukutana katika Kikuletwa na Ruvu, huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, huteremka hadi Korogwe na Hale ikizungusha mitambo ya umeme, kisha humiminika baharini Pangani, mji ambao misafara ilianzia na ambao majahazi ya Unguja yameujua tangu zamani. Mto huo unanywewa na wengi njiani, na upungufu wake una sababu zaidi ya moja. Lakini pale mlangoni mwake, maji matamu yanapopungua nguvu, ya chumvi hupanda juu kuifuata mizizi ya minazi. Mwenye mnazi uliokauka Pangani na mwenye mfongo uliokauka Kilimanjaro wameshika ncha mbili za kamba moja. Na visiwa vyenyewe vina Ngezi na Jozani, mabaki ya misitu iliyokuwa mikubwa, yanayojua habari hii bila kusimuliwa na mlima.

Neno linalotumika kwa ulinzi wa msitu ni hifadhi. Wasomaji wa mwambao wanalijua neno hilo tangu chuoni, kabla ya kulisikia kwa askari wa wanyamapori: kuhifadhi ni kukiweka kitu moyoni, aya kwa aya, hata kitabu kikifungwa kisipotee. Hiyo ndiyo kazi ambayo washairi wa Kiswahili wanaiweza kuliko mamlaka yoyote, na ndiyo ambayo kwa msitu wa Kilimanjaro bado hawajaifanya. Mseri, mkulo, mtarakwa, mkukusu, minde, mfongo, isale: maneno haya yameingia katika vitabu vya mimea na ripoti za wataalamu. Katika beti yangali machache mno. Jina lisilohifadhiwa moyoni halikosekani siku mwenye jina anapoondolewa, na lori lililombeba hupita Moshi usiku bila mtu kuuliza ni nani aliyelala nyuma.